Gunia Lina Lebo, Kifua Hakina

Kwenye migodi ya bati ya vilima vya Rulindo, kaskazini mwa Kigali, siku ya kazi huishia kwenye mizani. Gunia hupimwa, karani huandika daftarini kilo, tarehe na jina la mgodi, kisha huchukua lebo ya plastiki yenye namba na kuipitisha kwenye mdomo wa gunia. Huivuta mpaka ikalia ka! Ikishabana hivyo haifunguki tena ila kwa kukatwa. Mzigo ukifika kwa mnunuzi hupimwa upya na kupewa lebo ya pili, na hata ukiyeyushwa ng'ambo ya bahari, anayetaka kujua ulitoka kilima gani anaweza kufungua kumbukumbu akaona. Mfumo huu umetumika Rwanda tangu 2011. Msukumo wake ulitoka mbali: Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni zieleze asili ya bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu zinazotoka Kongo na nchi zinazopakana nayo.

Mtu aliyelijaza gunia hana kumbukumbu kama hiyo. Huenda alianza ujana wake akigonga mwamba wa bati, akahamia kwenye wolframu bei ilipopanda huko, akaenda Ngororero kutafuta koltani yenye tantalamu, akarudi nyumbani kulima msimu mmoja, kisha akashuka tena shimoni. Kilo alizozitoa zimeandikwa. Miaka aliyovuta vumbi haikuandikwa. Siku atakapoanza kuhema akipanda kilima kile kile alichokuwa akikipanda na gunia begani, hatakuwa na karatasi ya kuonyesha mapafu yake yamepita wapi. Hoja ya mhadhara huu ni hiyo: nchi iliyoweza kulifuata jiwe kutoka shimoni hadi kiwandani inaweza pia kuifuata pumzi ya aliyelichimba, na haina budi kufanya hivyo.

Mabibi na mabwana, si kila mgodi una vumbi la aina moja, na anayezungumza juu ya wachimbaji wadogo kana kwamba wote wanafanya kazi moja atakosea dawa. Kule Gatumba, wilayani Ngororero, koltani na bati hupatikana kwenye mwamba wa pegmatiti ambao mvua na joto la miaka mingi vimeuozesha. Sehemu kubwa imegeuka udongo mweupe unaokatika kwa jembe na sululu, na mchanga wake huoshwa kwa maji ya mfereji. Hapo kifo hujificha zaidi kwenye kingo zinazomomonyoka.

Rutongo na Nyakabingo wilayani Rulindo, Musha wilayani Rwamagana na Gifurwe wilayani Burera ni habari nyingine. Huko bati au wolframu imekaa ndani ya mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe gumu linalong'aa kama kioo kilichovunjika, na mishipa hiyo imepenya kwenye miamba migumu ya kilima. Mchimbaji haufukui mshipa huo kutoka juu. Huufuata ndani kwa ndani, mlalo kwa mlalo, kupitia vichochoro ambavyo Wanyarwanda huviita *indani*, neno ambalo mwenye Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Kila pigo la nyundo na kila tundu la drili ndani ya indani husaga kwatsi, na kwatsi ni silika tupu.

Wolframu hiyo ndiyo hutoa tungsteni, na tungsteni ikiunganishwa na kaboni huwa miongoni mwa vitu vigumu kuliko vyote vinavyotengenezwa viwandani. Matumizi yake makubwa ni ncha za zana za kukatia chuma na kutobolea mwamba. Yaani sehemu ya jiwe linalotoka vilima vya Rulindo na Burera huzunguka dunia na kuishia kwenye ncha ya drili, mahali vumbi linapozaliwa.

Vumbi lenyewe linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linalotisha macho silo linaloua. Wingu la kijivu linalomtoka mchimbaji nyweleni na kope zake zilizopauka ni chembe kubwa. Pua na koo huzinasa, akazipenga na kuzitema. Zinazofika kwenye vifuko vya hewa chini kabisa ya pafu ni zile zilizo chini ya maikroni 10, hasa chini ya 5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe hizo hazionekani. Tena hazitui upesi. Katika hewa iliyotulia, chembe ya silika yenye maikroni 1 huchukua saa 6 hadi 7 kuanguka mita 2. Zamu ya asubuhi ikitoka na taa zake, indani huonekana safi. Zamu ya mchana ikiingia huvuta hewa ambayo wenzao waliisaga tangu alfajiri.

Chembe ikishatua kwenye kifuko cha hewa, mwili hutuma seli zake za ulinzi kuimeza. Kwa vijidudu na uchafu mwingi mbinu hiyo hufaulu. Silika haimeng'enyeki. Inaiua seli iliyoimeza, seli inapasuka na kuachia kemikali za uvimbe, chembe inabaki vilevile ilivyokuwa, seli nyingine inakuja kuimeza, nayo inakufa. Mzunguko huo hauhitaji vumbi jipya ili uendelee. Pafu hujaribu kujitibu kwa kujenga makovu, vinundu vidogo vya duara vinavyojikusanya hasa sehemu za juu, na nyama ya kovu haipitishi hewa. Huo ndio ugonjwa uitwao silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa. Mtu anaweza kuacha mgodi akiwa mzima kabisa, akanunua pikipiki, akafanya kazi ya kubeba abiria Nyabugogo, jijini Kigali, kwa miaka kadhaa, na ugonjwa ukaendelea kukomaa kifuani mwake huku akidhani mgodi ameuacha nyuma.

Kwa kawaida dalili huja baada ya miaka 10 na zaidi ya vumbi la wastani. Vumbi likizidi, huja baada ya miaka 5 hadi 10. Likizidi mno, miezi inatosha. Ushahidi mchungu wa hali hiyo ya mwisho uko Virginia ya Magharibi, Marekani, ambako mwaka 1930 na 1931 lilichimbwa handaki la maji la Hawk's Nest. Mwamba ulikuwa na silika nyingi, utoboaji ulifanywa mkavu ili kazi iende haraka, na wengi wa wafanyakazi walikuwa Wamarekani weusi waliotoka mbali kutafuta kibarua. Daktari Martin Cherniack aliyeichunguza habari hiyo miaka zaidi ya 50 baadaye alikadiria kuwa watu wasiopungua 764 walikufa. Ilibidi akadirie. Vibarua walipoanza kukohoa walirudi makwao, wakafia huko, na kitabu cha kazi hakikuwafuata.

Kifua kikuu ndicho mwenzi wa silikosisi. Silika hudhoofisha zile seli ambazo kazi yake ni kummeza kijidudu cha TB, na hatari ya kuugua huongezeka mara kadhaa, kisha hubaki juu hata baada ya mtu kuacha kazi. Palipo na VVU, hatari hizo mbili hazijumlishwi bali huzidishana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu 2013 linapendekeza kwamba wafanyakazi wa sasa na wa zamani wa sehemu zenye vumbi la silika wachunguzwe TB kwa utaratibu, bila kungoja wakohoe. Tena tangu 1997 wakala wa utafiti wa saratani wa shirika hilohilo umeiweka silika hii katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, lile ambalo ushahidi wake kwa binadamu haubishaniwi.

Lakini shida kubwa zaidi hutokea pale kliniki, na hutokea kwa nia njema kabisa. Mtu anakuja na kikohozi cha miezi, amekonda, anahema. Eksirei inaonyesha madoa sehemu za juu za mapafu yote mawili. Katika nchi zetu mganga yeyote makini ataiwaza TB kwanza, na atakuwa na haki. Makohozi yanapimwa, kijidudu hakionekani. Kwa kuwa picha inafanana na TB, mgonjwa anaanzishiwa dawa za miezi 6. Anazimaliza. Kikohozi hakimaliziki. Mwaka unaofuata anarudi, picha ni ileile, anaandikiwa dozi tena. Kati ya wanaopita njia hiyo wapo wenye TB kweli, wapo wenye silikosisi peke yake, na wapo wenye vyote viwili, na filamu ya eksirei haiwezi kuwatenganisha yenyewe. Kinachowatenganisha ni maelezo ya maisha ya mtu.

Mtaliano Bernardino Ramazzini, aliyechapisha kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700, aliwasihi madaktari waongeze swali moja kwenye yale yaliyorithiwa kutoka kwa Hipokrate: mgonjwa anafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita. Kwenye fomu nyingi za wagonjwa wa nje katika ukanda huu kuna mstari wa kazi, na mstari huo huandikwa neno moja, mara nyingi *mkulima*. Neno hilo ni la kweli. Mchimbaji mdogo wa Rwanda, kama wa Tanzania na Kongo, ana shamba. Akiulizwa kazi yake atataja jembe, kwa sababu ndilo linalolisha watoto mwaka mzima. Swali linalofaa ni refu kidogo: tangu uanze kujitafutia, umewahi kufanya kazi kwenye vumbi la mawe, wapi, na kwa misimu mingapi?

Tanzania, jirani wa mashariki, ina vipimo vinavyoonyesha ukubwa wa jambo hili. Ili vieleweke, kikomo kijulikane kwanza. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini inapendekeza silika ya kuvutwa isizidi miligramu 0.05 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Ni uzito wa takriban punje moja ya chumvi ya mezani, isagwe iwe moshi, isambae kwenye sanduku la mita moja kila upande. Mwaka 2003 watafiti wa Norwei na Tanzania walichapisha vipimo vya machimbo ya tanzanaiti ya Mererani: wakati wa kutoboa, kulipua na kuzoa, vumbi jembamba lilikuwa miligramu 15.5 kwa mita ya ujazo, na kati ya kila sehemu 100 za vumbi hilo, 14 hivi zilikuwa silika. Ukizidisha, unapata kiasi kinachopita kikomo zaidi ya mara 40. Mwaka 2015 kikatoka kipimo kingine, cha machimbo madogo ya dhahabu. Chini ya ardhi wastani wa silika ulikuwa miligramu 16.85. Ni mara 337 ya kikomo. Juu ya ardhi, wanakoponda mawe watu ambao hawajawahi kuingia shimoni, ilikuwa 0.19, karibu mara 4.

Hilo la juu ya ardhi lisipitwe haraka. Wanaoponda, kuchekecha na kuchambua mawe mara nyingi ni wanawake, wengine na mtoto mgongoni. Na baada ya kuosha madini bado kuna kuyakausha, na koltani hutenganishwa na bati kwa sumaku ikiwa kavu kabisa, maana mchanga mbichi hushikana. Kazi hizo hufanyika chini ya paa la mabati, mbali na shimo, na wanaozifanya hawajihesabu kuwa wachimbaji.

Aprili 2023 watu 6 walifukiwa na mgodi usio na kibali huko Kinazi, wilayani Huye, nchini Rwanda. Mashine zililetwa, kilima kikachimbwa kwa zaidi ya wiki mbili, taifa zima likifuatilia, na mwishowe msako ukasimamishwa bila miili kupatikana. Uchungu ule ulikuwa wa haki, na juhudi zile zilikuwa za haki. Mgodi ukiporomoka una siku yake, una idadi yake, una picha. Vumbi halina siku. Linaua mmoja mwaka huu katika kijiji hiki, mwingine mwaka kesho ng'ambo ya bonde, kila mmoja kitandani kwake, na majirani husema alikuwa na kifua.

Kinga inajulikana tangu zaidi ya karne moja iliyopita: maji. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Colorado, John George Leyner alibuni drili yenye uwazi katikati, ambayo hupitisha maji hadi kwenye ncha. Zile kavu wachimbaji wa Marekani walikuwa wakiziita mtengeneza wajane. Anayesimama karibu na tundu linalotobolewa kwa maji huona tofauti kwa macho: badala ya moshi mweupe unaopulizwa usoni, hutiririka ujiuji wa kijivu ukutani na kuishia miguuni. Kwa wanaoponda kwa mashine ndogo, mipira yenye vitundu vya kunyunyizia ukungu inatosha kuanzia. Mradi wa kunyunyiza maji kaskazini mwa Nigeria, ambao matokeo yake yalichapishwa 2019, ulipunguza silika hewani kwa takriban asilimia 80, kwa vifaa ambavyo fundi bomba wa kawaida anaviweza.

Kwa nini basi watu hutoboa kavu? Kwa sababu ya mizani ile ya jioni. Mchimbaji mdogo hulipwa kwa kilo za madini, si kwa saa. Muda wa kupandisha maji kilimani haulipwi na mtu. Mtungi wa maji ndani ya indani umechukua nafasi ya gunia. Mwenye kibali cha mgodi akiacha gharama ya maji mikononi mwa kikundi, kikundi kitachagua chakula cha leo, na hakuna mtu mwenye njaa anayestahili kulaumiwa kwa hilo. Maji lazima yawe gharama ya mgodi, kama zilivyo nguzo za kuzuia paa. Elimu ya bango ukutani haitabadilisha hesabu hiyo.

Barakoa nazo zina sifa zisizo zao. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe za silika, wala barakoa ya hospitali. Zile za kichujio, kama N95, huzuia zikikaa barabara usoni; lakini mtu anayepiga nyundo kwenye joto, jasho likimtiririka na ndevu za siku tatu, hawezi kukaa nazo zamu nzima, na zikiloa matope huziba. Zitolewe. Zisihesabiwe kuwa zimemaliza kazi.

Kwa walioumia tayari, mfano wa Afrika Kusini unafaa kusomwa kwa makini Kigali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Gauteng iliruhusu wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi na TB kushtaki kwa pamoja. 2018 kampuni zilikubali kulipa hadi randi bilioni 5, na Julai 2019 mahakama ikaidhinisha. Dai linawahusu hata waliokwisha kurudi Lesotho, Msumbiji na Malawi, na linarudi nyuma hadi Machi 1965. Inawezekanaje mzee aliyeacha kazi miaka ya 1970 athibitishe madai yake leo? Kwa vitabu. Shirika lililokuwa likiwaajiri wahamiaji kwa ajili ya migodi, TEBA, lilikuwa na kumbukumbu za nani alikwenda mgodi gani na lini. Kumbukumbu hizo ziliwekwa ili kudhibiti watu. Zimekuja kuwa ushahidi wao.

Mchimbaji mdogo hana TEBA. Ila kuna jimbo moja la India lenye wavunja mawe wengi wasio na mwajiri wa kudumu, Rajasthan, lililotafuta njia. Sera yake ya Oktoba 2019 inamwezesha mfanyakazi kujiandikisha mwenyewe, kupimwa na jopo la madaktari, na akithibitika ana silikosisi hulipwa rupia 300,000. Akifariki familia hupewa 200,000 nyingine. Halazimiki kumtaja mwenye machimbo aliyemuumiza, jambo ambalo kwa mtu aliyepita machimbo kumi lingekuwa muhali.

Rwanda ina vipande vingi vya jengo hili tayari. Kila mwajiri aliyesajili wafanyakazi wake huchangia asilimia 2 ya mshahara katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Anayelipwa kwa kilo bila mkataba ndiye anayebaki nje, na mchango wake ungeweza kukatwa pale pale gunia linapopimwa, kwa kuwa kilo zake zinajulikana. Kila kijiji kina wajumbe wa afya wanaojua nani anakohoa. Bima ya afya ya jamii imefika vijijini. Eksirei za kidijitali zinazobebeka zinazotumika kutafuta TB zinaweza kupandishwa hadi kwenye stoo ya mgodi siku ya malipo, mchimbaji akapigwa picha ya kwanza kabla hajashuka shimoni, na ya pili baada ya miaka michache ikalinganishwa na ile ya kwanza.

Picha hiyo inahitaji namba ya kuwekwa chini yake, kama gunia. Namba ipo. Ni ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 16, iliyoko mfukoni mwa suruali safi ambayo mchimbaji aliivua alfajiri, akaitundika kwenye tawi karibu na mdomo wa indani, na kuiacha huko nje akiingia ndani.